Filamu ya Mzee Maruge: Tusome Majina Yanayopita Mwishoni

Siku hizi filamu zimefika mpaka vijijini. Katika mialo mingi ya Ziwa Victoria kuna kibanda cha video. Watu wanalipa kiingilio, wanakaa kwenye mabenchi, wanacheka na kusikitika pamoja. Filamu ikiisha yanaanza kupita majina mengi, madogo madogo, kutoka chini kwenda juu. Hapo watu wanainuka, wanatafuta kandambili zao, na mwenye kibanda anazima mashine.

Zamani hatukuwa na sababu ya kubaki. Majina yale yangetufaa nini, na sisi hatujui kusoma? Lakini sasa tunajua. Basi leo tujifunze kuyasoma majina hayo. Ni majina ya watu waliofanya kazi. Kila filamu ina wenyewe, na kila mmoja wao ameweka mkono wake ndani yake. Anayejua ni nani aliyesema jambo, na kwa nini amelisema, hadanganyiki upesi.

Kwa mfano wetu tumechagua filamu moja iliyopigwa kwa majirani zetu wa Kenya. Inaitwa The First Grader, maana yake ni mwanafunzi wa darasa la kwanza. Inamhusu mzee aliyewekwa kizuizini wakati wa ukoloni, akaja kuanza shule akiwa na miaka 84. Tunadhani wasomaji wetu wataipenda habari yake, maana inatuhusu.

1. Filamu za gerezani ni filamu gani?

Duniani kuna filamu nyingi zinazoeleza maisha ya wafungwa. Moja inayojulikana sana ni ya Marekani, The Shawshank Redemption, iliyotoka mwaka 1994. Hadithi yake aliitunga Stephen King, ikachapishwa mwaka 1982. Frank Darabont akaigeuza kuwa filamu na kuiongoza yeye mwenyewe. Waigizaji wakuu ni Tim Robbins na Morgan Freeman. Picha zake nyingi zilipigwa katika gereza la kweli la mji wa Mansfield, ambalo lilikuwa limefungwa mwaka 1990.

Katika filamu hiyo mfungwa mmoja anaandika barua kila wiki kuomba vitabu vya wafungwa. Anaandika miaka na miaka mpaka wakubwa wanachoka, wanampa. Kisha anamfundisha kijana mmoja kusoma. Hadithi hiyo ni ya kubuni. Hakuna mtu wa namna hiyo aliyeishi.

Filamu ya Mzee Maruge ni tofauti. Mzee huyu aliishi kweli, na wengi walimwona kwa macho yao. Tena katika filamu hii gereza na darasa vinakwenda pamoja. Mara tunamwona mzee amekaa na watoto, mara tunamwona kijana amefungwa kambini. Kumbe ni mtu yule yule.

2. Mzee Maruge alikuwa nani?

Jina lake ni Kimani Ng'ang'a Maruge. Hakuwa na hati ya kuzaliwa. Yeye mwenyewe aliamini alizaliwa mwaka 1920.

Mwezi Januari mwaka 2003 serikali ya Kenya chini ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nyumbani wakaingia shule. Mzee Maruge naye akasikia kwamba shule ni bure. Tarehe 12 Januari 2004 akaandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiwo, mjini Eldoret. Alivaa kaptula, soksi ndefu na sweta kama wanafunzi wengine. Mkononi alishika mkongojo wake. Wajukuu wake wawili walikuwa wakisoma katika shule hiyo hiyo.

Kwa nini mzee wa miaka 84 aende shule? Alitoa sababu zilizo wazi. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Pia alitaka kujua hesabu, ili siku akilipwa fidia ya mateso yake aweze kuzihesabu fedha zake bila kudanganywa.

Sababu hizo sisi wa Kanda ya Ziwa tunazifahamu. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa yetu, na makao yake yakawa Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi. Wengi walitaka mambo yale yale aliyoyataka Mzee Maruge: kusoma mizani ya pamba, kusoma barua ya mtoto bila kumpa mtu mwingine siri za nyumbani, kutia sahihi badala ya kidole gumba.

Mwaka 2005 Mzee Maruge alichaguliwa kiranja mkuu wa shule. Mwezi Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kwenye Umoja wa Mataifa kueleza faida ya elimu ya msingi bila malipo. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, Kenya iliingia katika ghasia. Mali ya mzee iliibiwa, akaishi katika kambi ya watu waliokimbia makwao. Hata hivyo aliendelea kwenda shule. Mwaka 2008 alihamia Nairobi, akaandikishwa tena shule huko. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo. Alikuwa hajamaliza shule ya msingi, lakini alikuwa anasoma.

3. Kambi za kizuizini, hata ndani ya ziwa letu

Ili tuielewe filamu hii inabidi tujue kidogo habari za Mau Mau. Mwezi Oktoba mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari, kwa sababu wananchi walikuwa wakipigania ardhi na uhuru. Hali hiyo iliondolewa mwezi Januari mwaka 1960. Kati ya miaka hiyo makumi ya maelfu ya watu waliwekwa katika kambi za kizuizini. Wengi hawakupelekwa mahakamani. Walifanyishwa kazi ngumu na kupigwa ili waikane Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola.

Kambi hizo zilikuwa sehemu nyingi. Nyingine ziliwekwa ndani ya Ziwa Victoria hili hili, katika visiwa vya Mageta na Saiyusi upande wa Kenya. Maji tunayovua sisi samaki yalitumika kuwa ukuta wa gereza.

Lakini hata kambini watu hawakuacha kujifunza. Josiah Mwangi Kariuki, aliyepitia kambi kadhaa, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Alieleza jinsi wafungwa walivyofundishana kusoma na kuandika. Wale waliojua kuandika waliandika barua za malalamiko kwa siri, wakazipeleka mpaka kwa wakubwa wa Uingereza. Mlinzi alikuwa na bunduki, na mfungwa alikuwa na kipande cha penseli. Kipande hicho kiliwasumbua wakubwa.

Mzee Maruge alikuwa mmoja wa hao waliowekwa kizuizini. Yeye alitoka bila kujua kusoma.

4. Habari ya gazeti yageuka filamu

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Filamu hii ilianzia wapi? Ilianzia kwenye gazeti. Habari za mzee ziliandikwa katika gazeti la Los Angeles Times la Marekani. Watu wawili wa huko, Sam Feuer na Richard Harding, waliisoma habari hiyo wakaona kwamba inafaa kuwa filamu. Hao wanaitwa watayarishaji. Baadaye walishirikiana na David Thompson wa Uingereza, na idara ya filamu ya shirika la utangazaji la BBC ikatia mkono.

Kazi ya mtayarishaji ni nini? Tuchukue mfano wa uvuvi wa dagaa. Kuna tajiri mwenye mtumbwi, nyavu na taa. Pengine yeye haendi majini kabisa. Lakini asipotoa chombo na gharama, hakuna anayekwenda. Mtayarishaji ni kama tajiri huyo. Anatafuta fedha, anaajiri watu, anahakikisha kazi inakwisha.

Baada ya hapo akahitajika mtu wa kuandika. Kila neno linalosemwa na mwigizaji limeandikwa kwanza kwenye karatasi. Maandishi hayo yanaitwa mswada wa filamu. Wa filamu hii uliandikwa na Ann Peacock, mama aliyezaliwa Afrika Kusini. Nyuma yake alikuwa ameandika filamu nyingine, A Lesson Before Dying, ya mwaka 1999. Ile nayo inamhusu mwalimu anayekwenda gerezani kumfundisha kijana aliyehukumiwa kifo. Tunaona basi kwamba mambo ya mfungwa na mwalimu hayakuwa mageni kwake.

5. Mwongozaji ni kama nahodha

Tajiri ametoa mtumbwi. Nani anasema tutegee wapi na tuvute saa ngapi? Ni nahodha. Katika filamu nahodha anaitwa mwongozaji. Yeye anamwambia mwigizaji asimame wapi, aseme kwa upole au kwa hasira, na kamera itazame nini.

Mwongozaji wa filamu hii ni Justin Chadwick wa Uingereza. Alionana na Mzee Maruge kabla hajafariki. Kulikuwa na mawazo ya kuipiga filamu Afrika Kusini, mahali penye vyombo na mafundi wengi. Chadwick alitaka ipigwe Kenya, penye watu wenyewe na ardhi yenyewe. Basi wakaenda katika Bonde la Ufa, kwenye shule ya kijijini. Watoto mnaowaona darasani ni wanafunzi wa huko. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona filamu wala televisheni.

Hapo tujifunze jambo moja. Mahali pa kupigia picha ni sehemu ya habari. Vumbi la kiwanja cha shule ile, madawati, watoto kugombania nafasi: mambo hayo ni magumu kuyatengeneza kwa mbao na rangi.

6. Waigizaji ni akina nani?

Mwigizaji ni mtu anayejifanya kuwa mtu mwingine. Tusichanganye. Tunayemwona kwenye filamu si Mzee Maruge mwenyewe. Ni Oliver Litondo, Mkenya ambaye zamani alijulikana kwa kusoma habari katika televisheni ya Kenya. Mtu aliyesoma habari mbele ya taifa zima alipewa kazi ya kuigiza mzee asiyejua herufi. Alipaswa kushika penseli kama mtu ambaye hajawahi kuishika. Ninyi wasomaji mnajua ilivyo siku ya kwanza: vidole vinakakamaa, jasho linatoka, na penseli nyepesi inakuwa nzito kuliko jembe.

Maruge wa ujana wake, yule anayeteswa kambini, aliigizwa na Lwanda Jawar, naye ni Mkenya. Kwa hiyo mtu mmoja anaigizwa na watu wawili.

Mwalimu Jane Obinchu, aliyempokea mzee shuleni, aliigizwa na Naomie Harris, mzaliwa wa London. Mume wa mwalimu aliigizwa na Tony Kgoroge, na ofisa wa elimu anayempinga mwalimu aliigizwa na Vusi Kunene. Hao wawili ni wa Afrika Kusini. Katika filamu wakubwa wa elimu wanasema kwamba mahali pa mzee ni shule ya watu wazima, si darasa la watoto. Wazazi nao wananung'unika: nafasi ni chache, kwa nini apewe mzee? Swali hilo si la kipuuzi. Mlijadili katika kikundi chenu.

7. Mafundi tusiowaona

Wenzetu wengi wakiulizwa filamu ni ya nani wanataja mwigizaji tu. Ni sawa na mtu wa mjini anayenunua dagaa sokoni. Anawaona dagaa, hawaoni wavuvi waliokesha usiku wa giza na taa zao. Hamwoni aliyevuta wavu. Hawaoni akina mama walioanika dagaa juani na kuwachambua. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja hatengenezi filamu.

Wako mafundi wa namna nyingi. Tuwataje wachache.

(a) Mpiga picha. Katika filamu hii ni Rob Hardy. Yeye anachagua kamera ikae karibu au mbali, na mwanga uwe mkali au hafifu. Kamera ikisogea karibu na mkono wa mzee unaotetemeka, sisi tunaona huruma. Hakuna aliyetuambia tuone huruma. Ni kamera iliyotupeleka.

(b) Mhariri wa picha. Huyu ni Paul Knight. Picha hupigwa nyingi mno, na hazipigwi kwa mfululizo. Mhariri anachambua, anakata, anaunganisha. Ni kama akina mama wanaochambua dagaa: wabovu wanatupwa, wazuri wanapangwa. Kule kurukaruka kutoka darasani kwenda kambini na kurudi ni kazi ya mswada na mhariri. Kwa njia hiyo tunaelewa kwamba mzee amekaa darasani lakini mawazo yake bado hayajatoka kizuizini.

(c) Mtungaji wa muziki. Huyu ni Alex Heffes. Ndiye pia aliyetunga muziki wa filamu ya mwaka 2006 juu ya Idi Amin, The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda. Siku moja jaribuni kutazama filamu huku sauti imezimwa. Mtaona jinsi muziki unavyotuvuta machozi bila sisi kujua.

(d) Wengine. Kuna fundi wa sauti, fundi wa taa, washona mavazi, wapambaji wa nyuso, madereva, wapishi. Majina yao ndiyo yale madogo yanayopita mwishoni.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2010 huko Telluride, Marekani. Mwaka 2011 ikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani na Uingereza. Mwaka 2013 baadhi ya watu hao walikutana tena katika kazi nyingine. Chadwick, Naomie Harris, Heffes na Thompson walishiriki katika filamu ya maisha ya Nelson Mandela, ambaye alikaa kifungoni miaka 27.

Mzee Maruge mwenyewe hakuiona filamu yake. Alikuwa amekwisha fariki.

8. Ukweli na nyongeza

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la somo letu. Filamu inasema inatokana na habari ya kweli. Je, kila tunachokiona ndivyo kilivyotokea? Hapana. Filamu si cheti. Watengenezaji huchagua, hupunguza na kuongeza.

Tutoe mifano. Mzee Maruge alisoma Eldoret, lakini filamu ilipigwa katika shule nyingine. Katika filamu tunamwona akiishi peke yake. Katika maisha alikuwa babu wa wajukuu 30, na wawili kati yao tumewataja, walisoma naye. Filamu inaeleza hasa mwanzo wa masomo yake. Miaka yake ya mwisho, yenye kambi ya wakimbizi na ugonjwa, haikupewa nafasi kama hiyo.

Je, ni uongo basi? Tusiharakishe kusema hivyo. Mateso ya kambini yalikuwepo kweli. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walifungua kesi London kuidai serikali ya Uingereza. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba majalada mengi ya wakati wa ukoloni yalikuwa yamehifadhiwa Uingereza bila wananchi kuonyeshwa. Yaliyoandikwa humo yaliwasaidia wazee. Mwezi Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika kwa mateso hayo, ikakubali kutoa karibu pauni milioni 20, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228.

Angalieni kilichowasaidia wazee wale: kumbukumbu zao wenyewe pamoja na karatasi. Filamu inatugusa moyo, lakini mahakama iliuliza maandishi. Katika filamu mzee anatunza barua kutoka serikalini ambayo hawezi kuisoma. Anaihifadhi kama mali. Haki yake imo ndani ya bahasha, na yeye hajui imesemaje. Ndugu wasomaji, ni wangapi kati yetu walikuwa na bahasha ya namna hiyo sandukuni?

9. Filamu iliyopigwa kwetu Mwanza

Msidhani kwamba mambo ya filamu ni ya Kenya tu. Mwanza nayo imo katika filamu inayojulikana duniani. Inaitwa Darwin's Nightmare. Iliongozwa na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ikatoka mwaka 2004. Hii haina waigizaji. Ilipiga picha watu wenyewe wa Mwanza: wavuvi, watoto wa mitaani, walinzi, wenye viwanda vya sangara na marubani wa ndege za mizigo. Ilipata tuzo ya Ulaya ya filamu za ukweli mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar ya Marekani.

Hapa nchini ilizua ubishi mkubwa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, akisema inaipaka nchi matope. Wengine waliitetea, wakasema umaskini uliomo haukubuniwa.

Sisi hatutaki kuamua ugomvi huo leo. Tunataka mwone jambo moja. Hata filamu isiyo na waigizaji ina mtu aliyeshika kamera na mtu aliyekata picha. Kamera ikitazama jalala tu, mtazamaji wa Ulaya atadhani Mwanza yote ni jalala. Ikitazama mawe mazuri ya Bismarck tu, atadhani hatuna shida. Mtu asiposimulia habari zake, watakuja wengine wasimulie. Pengine watasimulia vizuri, pengine vibaya, lakini watasimulia kwa macho yao. Mzee Maruge alisimuliwa na mtunzi wa Afrika Kusini, mwongozaji wa Uingereza na watayarishaji wa Marekani. Walifanya kazi nzuri. Lakini tujiulize: mzee angeandika mwenyewe, angeanzia wapi?

10. Namna ya kutazama filamu

Mkienda kibandani siku nyingine, jiulizeni mambo haya matano:

1. Hadithi hii ni ya kweli, ya kubuni, au ya kweli iliyoongezwa?
2. Nani ameiandika na nani ameiongoza? Ni mtu wa wapi?
3. Ni nani aliyeonyeshwa sana, na ni nani aliyeachwa?
4. Nani ametoa fedha, naye anataka tuamini nini?
5. Yule anayetufasiria kwa Kiswahili kibandani, anasema yaliyomo au anaongeza chumvi yake?

Na filamu ikiisha, mwambieni mwenye kibanda asizime haraka. Mtu mmoja asome majina kwa sauti, wengine wasikilize.

Maneno ya kujifunza

Fidia: malipo anayopewa mtu kwa hasara au mateso aliyoyapata.
Kizuizini: mahali anapofungiwa mtu, mara nyingi bila kuhukumiwa na mahakama.
Mhariri: mtu anayechagua na kupanga picha au maandishi.
Mswada: maandishi ya kwanza ya filamu au kitabu.
Mtayarishaji: mtu anayetafuta fedha na watu wa kufanya filamu.
Mwigizaji: mtu anayejifanya kuwa mtu mwingine katika mchezo au filamu.
Mwongozaji: mtu anayewaongoza waigizaji na mafundi wote.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mzee Maruge alikuwa na sababu gani za kwenda shule? Wewe ulikuwa na sababu gani?
2. Je, ilikuwa haki mzee apewe nafasi darasani wakati watoto wamejaa? Toeni hoja za pande zote mbili.
3. Tofauti ya mtayarishaji na mwongozaji ni nini? Tumieni mfano wa uvuvi au wa kilimo.
4. Taja mambo mawili ambayo filamu haikuyaonyesha kama yalivyokuwa katika maisha ya mzee.
5. Kama filamu ingepigwa kijijini kwenu, mngetaka ionyeshe nini? Kuna jambo msilotaka lionyeshwe? Kwa nini?

Zoezi la kuandika

Katika kila kijiji kuna mzee mwenye habari ambayo haijaandikwa. Nenda kwake jioni moja na daftari lako. Mwamkie, mwombe ruhusa, kisha mwulize alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, na ni jambo gani lililompata ambalo hawezi kulisahau. Andika kama anavyosema yeye, bila kuongeza. Ukimaliza msomee, naye akusahihishe. Chini ya karatasi andika majina mawili: jina la aliyesimulia na jina lako wewe uliyeandika.